Usingizi wa Kutiwa: Sinema ya Mauaji, Batumbula na Suala la Utashi katika Katanga ya Kikoloni

1. Utangulizi

Kinsevere iko umbali wa kilometa zipatazo 30 kaskazini mwa jiji la Lubumbashi, katika mkoa ambao tangu mwaka 2015 unaitwa Katanga ya Juu. Siku hizi jina la mahali hapo hutajwa zaidi kwa sababu ya machimbo yake ya shaba, ambayo mwaka 2012 yalitoka mikononi mwa kampuni ya Anvil Mining yakaingia mikononi mwa MMG. Hata hivyo, nchi inayoyazunguka machimbo hayo ni ya kale: ni nchi ya pori la miombo na vichuguu virefu kuliko mtu, ambamo njia za miguu ziliuunganisha mji wa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, na vijiji vya pembeni. Mtu aliyetoka mjini jioni aliziacha taa za umeme nyuma yake akaingia gizani. Ni katika mpaka huo wa taa na giza ambapo watu wa Katanga walisimuliana habari za batumbula, yaani watu waliosemekana kuwanyemelea wasafiri wa usiku, kuwaondolea akili, na kuwapeleka kwa Wazungu ili waliwe.

Katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari, majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani yalionyesha filamu za bei nafuu zenye kisa kisicho mbali na hicho: mtu analazwa usingizi kwa maneno na macho ya mtu mwingine, anaondolewa utashi wake, na mtu anauawa. Filamu hizo zilihesabiwa kuwa burudani. Masimulizi ya batumbula, kwa upande wake, yalihesabiwa na watawala kuwa ushirikina, na Waafrika waliosimulia habari hizo walizuiwa kwa sheria kuziona filamu zenyewe.

Madhumuni ya makala haya ni kuviweka visa vya aina hizi mbili mbele ya msomaji kwa pamoja, na kuuliza kila kimoja kinasema nini juu ya mtu aliyepoteza utashi: ni nani aliyeuchukua, kwa faida ya nani, na ni nani aliye tayari kumsikiliza aliyepatwa. Haidaiwi hapa kwamba sinema ndiyo iliyozaa batumbula. Tutaona kwamba jambo hilo haliwezekani. Linalodaiwa ni kwamba swali moja liliulizwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na kwamba tofauti ya majibu yake ni ushahidi wa historia.

2. Suala la msamiati

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika na wote kwa kile ambacho lugha za Ulaya zilikipa jina la hipnozi tangu daktari wa Kiskoti, James Braid, alipolieneza neno hilo katika miaka ya 1840. Hata hivyo, lugha haina upungufu wa maneno ya jirani. Kuna kupumbaza na kuzuzua, ambayo hutaja hali ya kumfanya mtu apoteze uwezo wa kupambanua. Kuna bumbuazi, ambalo ni matokeo ya hali hiyo. Kuna kiinimacho na mazingaombwe, ambayo huhusu macho ya mtazamaji kudanganywa, na mara nyingi huwa mchezo wa hadharani. Inafaa kuzingatiwa kwamba maneno mawili ya kwanza yana mtendaji na mtendwa: hapumbazwi mtu ila yupo ampumbazaye. Katika makala haya, usingizi wa kutiwa utatumika kwa hali ambayo mtu yu macho kwa sura, lakini matendo yake yanaongozwa na utashi wa mwingine.

Neno batumbula nalo lina la kumfunza mwanafunzi wa isimu. Umoja wake ni mutumbula, nalo limejengwa juu ya kitenzi -tumbula cha lugha za Kibantu za eneo hilo. Kiswahili sanifu kina kitenzi hicho hicho kwa umbo la tumbua, maana yake kupasua jipu au kutoa matumbo ya samaki, kwa kuwa Kiswahili cha pwani kimeidondosha sauti /l/ ya asili katika mazingira kama hayo. Kwa hiyo mutumbula ni mpasuaji, mtoa matumbo. Ni jamaa wa karibu wa chinjachinja wa Tanganyika, na ni jamaa wa mbali wa mumiani wa pwani.

Kuhusu mumiani, kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kwamba ni dawa nyeusi ifananayo na gundi, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi, lakini kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ulipozuka, watu wa mjini waliogopa kutoka nje baada ya jua kutua. Katika Kenya na Uganda kazi hiyo hiyo ilisemekana kufanywa na wazimamoto. Na katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ni Zambia ya leo, na banyama. Majina ni mengi, hofu ni moja. Lakini jinsi mtu anavyokamatwa hutofautiana, na tofauti hizo ndizo zenye kuhitaji kuchunguzwa.

3. Usingizi wa kutiwa katika mahakama na katika sinema

Wazungu wenyewe waliiogopa hipnozi muda mrefu kabla ya kuifanya mchezo wa kuigiza. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliunda tume ya wataalamu, akiwamo Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier, kuchunguza matibabu ya Franz Anton Mesmer. Karne moja baadaye mjadala ulihamia mahakamani. Mwezi Julai mwaka 1889 mtumishi mmoja wa mahakama ya Paris, Gouffé, aliuawa na Michel Eyraud akishirikiana na mwanamke kijana, Gabrielle Bompard. Katika kesi iliyosikilizwa mwishoni mwa mwaka 1890, ilidaiwa kwamba Bompard alitenda kwa amri ya Eyraud akiwa katika usingizi wa kutiwa. Wataalamu wa mji wa Nancy waliunga mkono uwezekano huo. Wale wa Paris waliukataa. Eyraud alikatwa kichwa mwaka 1891. Bompard alifungwa miaka 20 pamoja na kazi ngumu.

Ubelgiji haikubaki nje ya mjadala huo. Joseph Delboeuf, profesa wa Liège, aliandika kwa wingi juu ya hipnozi na kutilia shaka kwamba mtu mwema anaweza kulazimishwa kuua kwa njia hiyo. Bunge halikungoja wataalamu wapatane: tarehe 30 Mei 1892 ilitolewa sheria iliyopiga marufuku kumwonyesha hadharani mtu aliyelazwa usingizi wa hipnozi. Hivyo, nchi ambayo mwaka 1908 ingeitwaa Kongo kuwa koloni lake ilikuwa tayari imekiri katika vitabu vyake vya sheria kwamba utashi wa mtu unaweza kuchukuliwa na mwingine, na kwamba si jambo la kuchezea mbele ya watu.

Sinema ililipokea suala hilo mapema. Filamu ya Kijerumani ya Das Cabinet des Dr. Caligari, iliyoongozwa na Robert Wiene na kuonyeshwa mara ya kwanza Berlin mwezi Februari 1920, inahusu daktari anayezunguka katika maonyesho ya mitaani na mtu alalaye, Cesare, ambaye usiku hutumwa kuua. Mandhari yake yalichorwa kwa rangi juu ya turubai, njia ambayo iliokoa fedha na papo hapo ikaipa filamu sura ya ndoto mbaya. Mwaka 1947 Siegfried Kracauer, mwandishi aliyekimbia utawala wa Hitler, alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba Caligari ni mfano wa mamlaka yanayowafanya raia wema kuwa wauaji, na kwamba filamu ile ilitangulia kuonyesha yale yaliyoipata Ujerumani baadaye.

Mwaka huo huo wa 1947 ilitolewa Marekani filamu ya Fear in the Night, iliyoongozwa na Maxwell Shane kutokana na hadithi ya Cornell Woolrich. Ni filamu fupi, ya dakika kama 72, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na kampuni ya Pine-Thomas, ambayo ilijulikana kwa kazi za namna hiyo. Mhusika mkuu ni karani wa benki, Vince Grayson, ambaye uigizaji wake ulikuwa kazi ya kwanza ya DeForest Kelley katika filamu ndefu. Karani huyu anaota kwamba amemuua mtu katika chumba chenye vioo pande zote. Anapoamka anaona alama shingoni mwake, na anakuta kifungo na ufunguo ambao hakuwa nao alipolala. Anamwendea shemeji yake, ambaye ni polisi. Shemeji kwanza anampuuza, kisha anamshuku, na mwishowe anamsadiki. Yadhihirika kwamba jirani mmoja alimlaza usingizi na kumtuma mahali pa mauaji ili afanikishe kisasi chake mwenyewe. Kisa kilipendwa kiasi cha kutengenezwa upya na mwongozaji yule yule mwaka 1956 kwa jina la Nightmare.

Filamu hii si kazi kubwa ya sanaa, lakini uchache wake wa mali unaufanya muundo wake uonekane wazi. Kwanza, mpumbazaji ni mtu mmoja, mwenye sababu yake binafsi. Pili, aliyepumbazwa anarudi kutoka usingizini akiwa na ushahidi mkononi. Tatu, sheria ina uso wa ndugu: polisi ni shemeji, na hata akikawia, mwisho anasikiliza. Mtazamaji wa Marekani alitishwa kwa muda wa saa moja na kitu, kisha akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba utashi ukiibwa, serikali itaurudisha.

4. Ni nani aliyeruhusiwa kutazama

Filamu kama hiyo haikukusudiwa kwa mfanyakazi wa shaba wa Katanga. Mwaka 1945 serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri iliyowazuia Wakongo kuhudhuria maonyesho ya sinema, isipokuwa ya filamu zilizopasishwa na tume maalumu. Sababu iliyotolewa mara kwa mara ilihusu akili ya mtazamaji. Louis Van Bever, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya sinema kwa Waafrika, aliwakilisha maoni ya wengi katika utawala: kwamba Mwafrika hawezi kuifuata filamu iendayo mbio, na hivyo anahitaji filamu za peke yake, zenye kwenda polepole na funzo lililo wazi.

Fikira hizi hazikuwa za Wabelgiji peke yao. Baada ya uchunguzi wa mwaka 1932 ulioongozwa na J. Merle Davis juu ya athari za migodi ya shaba kwa jamii za Kiafrika, ulianzishwa mradi wa filamu za elimu kwa Wabantu, ambao kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifanya kazi zake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, mradi huo ulitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzionyesha katika makoloni ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki na ya Kati, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumiwa. Katika Kongo, kazi ya namna hiyo ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na mapadri. Maarufu miongoni mwao ni Padri Albert Van Haelst, ambaye katika miaka ya 1950, huko Kasai, alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Union Minière nayo, kampuni kubwa ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, iliifanya sinema kuwa sehemu ya starehe zilizopangwa kwa ajili ya wafanyakazi katika kambi zake.

Hapa pana kitendawili kinachostahili kufunuliwa. Utawala uliodai kwamba masimulizi ya kupumbazwa ni ushirikina ulikuwa wenyewe na imani kubwa juu ya nguvu ya kupumbaza: uliamini kwamba picha inayotembea ikionyeshwa gizani inaweza kuingia moja kwa moja katika akili ya Mwafrika na kuongoza matendo yake. Ndiyo maana filamu ya wizi na mauaji ilikatazwa, na ndiyo maana filamu ya usafi na utii ilisafirishwa kwa lori hadi vijijini. Marufuku na funzo vilitoka katika wazo moja, kwamba mtazamaji hana utashi wa kuchagua, kukataa au kucheka. Watazamaji wenyewe walithibitisha kinyume. Hortense Powdermaker, mtafiti aliyeishi Luanshya mwaka 1953 na 1954, alikuta wachimbaji na watoto wao wakizitazama filamu za wapanda farasi wa Marekani kwa kelele, mabishano na uteuzi wao wenyewe wa nani ni shujaa.

5. Batumbula katika nchi ya shaba

Masimulizi ya Katanga yalikuwa na umbo hili. Mtu anatembea peke yake usiku, au anatoka kilabuni, au anakata kuni mbali na kambi. Wakamataji ni Waafrika kama yeye, waliokodiwa. Akishikwa, anapoteza sauti na akili. Anafichwa mahali fulani, analishwa hadi anenepe, naye anazidi kuwa kama mnyama kuliko mtu. Mwisho wake ni meza ya Mzungu. Rik Ceyssens, aliyeandika mwaka 1975, aliyaita masimulizi haya visasili vya wanaoonewa. Luise White aliyarudia katika kitabu chake cha mwaka 2000, akisisitiza kwamba yasisomwe kama fumbo tupu, kwa kuwa wasimulizi walijali sana mambo madogo madogo: ni gari gani, ni jengo gani, ni kifaa gani.

Juu ya namna ya kupumbazwa, maelezo yaliyo wazi zaidi yametoka upande wa pili wa mpaka. Mwelwa Musambachime, mwanahistoria wa Zambia, katika makala yake ya mwaka 1988 juu ya hofu ya banyama kati ya mwaka 1930 na 1964, ameeleza habari za mupila, kitu kilichosemekana kutupwa njiani mbele ya msafiri. Kisha msafiri huitwa. Akiitika, nguvu zinamwishia, nguo zinamwanguka, hana tena kumbukumbu wala utashi, na anawafuata wakamataji popote waendako. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno mpira ndani ya mupila. Mpaka wa Rhodesia na Katanga haukuyazuia maneno wala watu: reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wafanyakazi wa migodi ya Katanga iliandikishwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini.

Tarehe hizo zinatosha kuonyesha kwamba batumbula hawakutoka katika filamu. Hofu ya banyama ilikuwa imeenea tangu mwaka 1930, na filamu za mauaji hazikuruhusiwa kuwafikia wasimulizi. Chanzo chao kitafutwe kwingine, na historia ya Katanga haina uhaba wa mahali pa kutafuta. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na shirika maalumu la kuandikisha vibarua kwa ajili ya migodi. Watu waliondoka vijijini mwao, na si wote waliorudi. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na makumi wakafa, akiwamo Léonard Mpoyi, msemaji wao. Mwezi Februari 1944 askari wa Luluabourg waliasi, na miongoni mwa mambo yaliyowasukuma ni uvumi kwamba chanjo waliyokuwa wakidungwa ilikusudiwa kuwaua. Mwaka 1952, katika Rhodesia ya Kaskazini, ilivuma kwamba sukari imetiwa kitu cha kuvunja nia ya Waafrika ili wasilipinge Shirikisho la Afrika ya Kati, ambalo liliundwa mwaka uliofuata.

Uvumi huu wa mwisho unastahili kutiliwa mkazo. Wasimulizi hawakusema tu kwamba sukari inaua. Walisema kwamba inaondoa uwezo wa kukataa. Huo ni usingizi wa kutiwa kwa maana kamili ya neno, na unahusishwa moja kwa moja na kura, baraza na mkataba. Aliyedhani kwamba watu hawa walichanganya siasa na uchawi hakusikiliza vizuri. Walikuwa wakieleza jinsi watu wengi wanavyoweza kuonekana wamekubali jambo wasilolikubali.

6. Ulinganisho

Tukiviweka visa viwili sambamba, tofauti tatu zinajitokeza.

Ya kwanza inahusu mpumbazaji. Katika Fear in the Night yeye ni jirani mwovu, na akiondolewa, uovu umekwisha. Katika masimulizi ya Katanga hakuna mtu mmoja wa kuondolewa. Kuna mkamataji mwenye mshahara, kuna dereva, kuna mwenye nyumba, kuna mwenye kula. Kila mmoja anatimiza sehemu yake ya kazi, kama ilivyo mgodini. Kwa jambo hili masimulizi ya batumbula yako karibu zaidi na Caligari kama alivyosomwa na Kracauer kuliko na filamu ya Marekani.

Ya pili inahusu mwito. Katika sinema mtu hupumbazwa kwa kutazama: mshumaa, jicho, kitu king'aacho. Katika masimulizi ya mupila mtu hupumbazwa kwa kuitika. Yawezekana tofauti hii imetokana na imani za kale, kwani katika jamii nyingi za eneo hilo mtu huonywa asiitike sauti asiyoijua usiku. Lakini yafaa pia kukumbuka kwamba maisha ya kambi yalianza kila siku kwa mtu kuitwa jina na kuitika, na kwamba aliyeitika alikuwa amekwisha kuitoa siku yake kwa mwingine. Tafsiri hii haiwezi kuthibitishwa kwa hati. Lakini inaeleza kwa nini kitendo kidogo kama kusema naam kiliweza kubeba uzito wa kifo.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, inahusu msikilizaji. Karani wa filamu ana shemeji polisi. Mutumbula, kinyume chake, ana polisi upande wake. Na huko Nairobi na Kampala wakamataji walipewa hata jina la idara ya serikali, wazimamoto. Tena, aliyekamatwa na batumbula harudi. Masimulizi yake hayasemwi naye, bali na walioachwa, wasio na kifungo wala ufunguo wa kuonyesha. Ni kisa cha mauaji kisicho na mpelelezi, kwa kuwa wasimulizi hawakuona kwamba yuko mpelelezi ambaye angekubali kukichunguza.

Pamoja na hayo, haifai mwanahistoria kuyapamba masimulizi haya. Uvumi wa wanyonya damu umewadhuru watu wasio na hatia, na si zamani tu. Katika miezi ya Septemba na Oktoba 2017, kusini mwa Malawi, watu kadhaa waliuawa na makundi yaliyowatuhumu kuwa wanyonya damu, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kuwaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya. Aliyepigwa mawe kwa sababu ametembea usiku katika kijiji kisicho chake hakuwa mwakilishi wa kampuni wala wa serikali. Mara nyingi alikuwa maskini kama waliompiga. Kusema kwamba masimulizi ya batumbula yana ukweli wa historia si kusema kwamba walioshukiwa walitenda yale waliyoshukiwa. Mambo haya mawili yatenganishwe daima, hasa darasani, ambako ni rahisi kuushangilia upinzani wa wanyonge na kusahau maiti iliyobaki njiani.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu ndogo ya mauaji na masimulizi ya Katanga yanahusu jambo moja: mtu anawezaje kutenda, kukubali au kutoweka bila utashi wake. Ulaya ilikuwa na mahakama, sheria ya mwaka 1892, wataalamu waliobishana, na baadaye sinema, ambamo swali hilo liliulizwa hadharani. Nchi ya shaba ilikuwa na njia za usiku na mazungumzo ya kambini. Watawala waliyahesabu ya kwanza kuwa elimu na burudani, ya pili kuwa ujinga. Na papo hapo wakatunga amri juu ya sinema iliyojengwa juu ya hofu ile ile ya akili kutekwa.

Kwa wataalamu wa Kiswahili suala hili lina upande wa pekee. Masimulizi ya batumbula yalisemwa kwa sehemu kubwa katika Kiswahili cha Katanga, ambacho kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa lugha iliyoharibika na isiyofaa kuandikiwa historia. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, na kuchapishwa pamoja na uchambuzi na Johannes Fabian mwaka 1990, ilitosha kuikanusha dhana hiyo: hapo watumishi wanaisimulia historia ya mji kwa lugha yao, bila kungoja ruhusa. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo nacho kilithibitisha redioni na katika televisheni ya Lubumbashi kwamba lugha hiyo inaweza kubeba mzaha, siasa na hofu kwa pamoja.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya. Utafiti mwingi juu ya batumbula umeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na maneno ya wasimulizi yamepatikana humo yakiwa yamekwisha kufasiriwa. Hali mupila, mutumbula, mumiani na wazimamoto ni maneno ambayo maana yake imo katika jinsi yanavyosemwa, nani anayamweleza nani, na saa ngapi. Wazee waliokuwa watoto katika kambi za Elisabethville katika miaka ya 1940 wanazidi kupungua kila mwaka. Mwanafunzi atakayekwenda Kinsevere, Kipushi au Likasi na kuyaandika maneno yao kama yalivyotamkwa, pamoja na vigugumizi na vicheko vyake, atakuwa amewapa wasimulizi hao kitu ambacho karani wa filamu alikipata kutoka kwa shemeji yake, yaani msikilizaji anayekawia kuhukumu.